Je, Mawe Hukua? Mafundisho ya Sayansi Shuleni na Udongo wa Shambani

Katika mazungumzo haya tumekusudia kueleza habari za elimu ya sayansi kama inavyofundishwa shuleni, na jinsi elimu hiyo inavyoweza kumsaidia mtoto kuijua nchi anayokaa: udongo wake, maji yake, miti yake na majani yake. Twasema na wazazi na wanafunzi pamoja, maana jambo hili ni la shule na la nyumbani pia.

Wazazi wengine huuliza, "Mtoto wetu amesoma sayansi miaka mingi, je, amepata nini?" Swali hilo ni la haki. Sisi waalimu tumewaona wanafunzi wengi wawezao kutaja kwa moyo sehemu zote za ua, na kueleza jinsi maji ya bahari yanavyopanda kuwa mvuke, yakawa mawingu, yakashuka tena kuwa mvua. Lakini ukimwuliza mmoja wao kwa nini mto upitao chini ya kijiji chake huwa mwekundu wakati wa masika, na maji yake huwa safi wakati wa kiangazi, hunyamaza. Hakudhani ya kuwa swali hilo ni la sayansi. Kwake yeye sayansi imo kitabuni, na mto uko kijijini, na mambo hayo mawili hayajakutana.

Hiyo ni hasara kubwa. Elimu isiyovuka kizingiti cha shule haimfai mkulima, wala haimfai mtoto wa mkulima. Basi tutaeleza kwa mfano mmoja jinsi inavyoweza kuvuka.

SWALI LA BABU

Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita, mtoto wa milimani, alikuwa akimsaidia babu yake kupalilia mahindi wakati wa likizo. Katikati ya shamba lile pana jiwe kubwa. Mzee akamwambia, "Mjukuu wangu, jiwe hili nilipokuwa mtoto kama wewe lilinifika magotini, nami nilikuwa mfupi. Sasa ni mtu mzima, nalo lanifika mapajani. Mawe hukua, ila hukua polepole."

Katika nchi nyingi watu husema hivyo, wala wasemao si wajinga. Wameangalia vizuri, na waliyoyaona ni kweli: jiwe laonekana refu kuliko zamani. Kosa haliko katika macho, liko katika sababu iliyotolewa. Mtoto yule alikuwa amejifunza ya kuwa jiwe halina uhai, halili wala halinywi, basi haliwezi kukua. Hakumbishia mzee wake, maana si adabu, aliuliza tu, "Babu, je, haiwezekani kwamba jiwe limekaa pale pale, na ardhi ndiyo iliyoshuka?" Mzee akafikiri kidogo, akajibu, "Kama ardhi imeshuka, huo udongo umekwenda wapi?"

Aliporudi shuleni aliyaandika maneno hayo katika daftari lake, na chini yake akaandika fikira zake mwenyewe: ya kuwa siku ile alitambua kwa mara ya kwanza kwamba swali la mkulima na swali la sayansi laweza kuwa moja; na ya kuwa hakuwa na jibu la kumpa babu ila maneno ya kitabu, na maneno ya kitabu hayamtoshi mtu aliyeliangalia jiwe lile kwa miaka sitini. Tulipolisoma daftari hilo tuliona kuwa hilo ndilo somo letu la muhula mzima.

UDONGO NI KITU GANI?

Kwanza hatuna budi kujua udongo wenyewe. Chukua chupa ya kioo, utie udongo wa shamba mpaka theluthi, ujaze maji, uzibe, utikise kwa nguvu, kisha uiweke mahali patulivu. Mchanga utashuka kwanza, kabla ya dakika moja kupita. Juu ya mchanga utatua udongo laini. Mfinyanzi utakawia sana, hata huenda siku ya pili maji yakawa bado yana rangi. Na juu kabisa vitaelea vipande vyeusi vya majani na mizizi iliyooza. Hiyo ndiyo mboji, nayo ndiyo chakula cha mimea na makao ya vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho.

Sasa fanya vivyo hivyo kwa udongo wa chini ya miti, mahali pasipolimwa, kisha kwa udongo wa shamba lililochoka. Utaona tofauti ya mboji bila kuambiwa na mwalimu. Tena ukichimba shimo lenye kina cha mkono, utaona kwamba udongo mweusi upo juu tu, na mahali pengi unene wake hauzidi kiganja cha mtu pamoja na vidole vyake. Chini yake ni udongo mwekundu au wa rangi ya kijivu, mgumu, usiozaa vema. Tabaka hilo la juu ndilo linalotulisha sote. Nalo halitengenezwi upesi: jua, mvua, mizizi na wadudu huvunja mwamba polepole, na unene wa sentimita moja tu huchukua miaka mia kadhaa. Kwa hiyo udongo ukipotea leo, wajukuu wa wajukuu zetu hawatauona ukirudi.

Wanafunzi walipokwisha kufanya hayo, walikwenda mtoni siku ya mvua kubwa pamoja na mwalimu, wakateka maji mekundu katika chupa nyingine, wakayaacha yatulie. Chini ya chupa pakatua tope, nayo rangi yake ilikuwa ile ile ya mashamba ya mlimani. Basi swali la babu likapata jibu lake la kwanza: udongo umo njiani kwenda baharini.

KAZI YA TONE LA MVUA

Watu wengi hudhani kwamba udongo huchukuliwa na mto tu. Sivyo. Mwizi wa kwanza ni tone la mvua. Tone kubwa hufika chini kwa mwendo wa mita 9 hivi kwa sekunde moja, nao ni mwendo upitao mbio za watu walio wengi. Likipiga udongo ulio wazi huutawanya kama bomu dogo, na chembe za udongo huruka huku na huku. Kama wataka kuona, simamisha ubao mweupe kando ya udongo mtupu wakati wa mvua, na mwingine kando ya mahali penye majani. Mvua ikikoma, ubao wa kwanza utakuwa na matone ya tope kutoka chini mpaka juu, na wa pili utakuwa karibu safi.

Chembe zile zikishatawanyika huziba vijitundu vya ardhi, zikafanya ganda gumu. Maji hayawezi tena kuingia chini, basi hutiririka. Na maji yanayoteremka, mwendo wake ukizidi mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Ndiyo maana kijito chembamba kilichoanza juu ya mlima huwa korongo kikifika chini. Wahenga walisema, "Chururu si ndo! ndo! ndo!", nasi twaweza kuongeza kwamba chururu ya mlimani haichukui maji peke yake.

Jaribio la pili ni la makasha mawili. Tafuta makasha mawili yaliyo sawa, utie udongo ule ule kwa kipimo kile kile, uyaweke yote mawili katika mwinamo mmoja. Juu ya moja tandika majani makavu. La pili liache wazi. Kisha mwagia kila kasha maji ya kopo moja lililotobolewa matundu, kwa urefu ule ule, na kinga maji yatokayo chini. Katika kasha lililo wazi yatatoka upesi, nayo yatakuwa matope. Katika kasha lenye majani yatatoka kidogo kidogo, nayo yatakuwa na weupe zaidi.

Hapa pana fundisho kubwa la sayansi, kubwa kuliko lile la udongo. Kila kitu katika makasha yale kilikuwa sawasawa isipokuwa kimoja: majani. Kwa hiyo tofauti iliyotokea haiwezi kuwa na sababu nyingine. Mwanafunzi akikumbuka kanuni hiyo, ya kubadili jambo moja tu na kuyaacha mengine, ataweza kupima mbegu, samadi, au nafasi ya kupandia katika shamba lake maisha yake yote.

HESABU YA EKARI MOJA

Tena sayansi haitoshi bila hesabu. Mvua yenye kimo cha milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Basi mvua nzito ya milimita 50 humwaga juu ya ekari moja kama lita 202,000, yaani zaidi ya madebe 10,000 ya lita 20. Maji hayo yote hayana budi kwenda mahali: ama yataingia ardhini yakawa akiba ya mimea na chemchemi, ama yataondoka mbio pamoja na udongo.

Na udongo wenyewe je? Milimita moja tu ikiondoka katika ekari nzima, jambo ambalo jicho haliwezi kulitambua, ni mita 4 za ujazo, nazo zina uzito wa tani 5 hivi. Ni sawa na magunia 100 ya kilo 50. Kama mwivi angekuja usiku akachukua magunia 100, kijiji kizima kingepiga yowe. Lakini mvua huyachukua mchana, nasi tumeketi barazani tukiitazama.

Mtoto yule, baada ya kuifanya hesabu hii ubaoni, aliomba ruhusa ya babu yake kupigilia vigingi kumi vya mti mgumu katika shamba, kila kimoja kikiwa na alama mahali kilipokutana na ardhi. Alipiga vingi kwa kusudi, maana kigingi kimoja hakitoshi. Udongo uliolimwa hushuka wenyewe kidogo kwa kushindiliwa, na mahali pengine udongo huletwa badala ya kuchukuliwa. Masika yalipokwisha, vigingi vya sehemu ya mteremko vilikuwa vimeonekana chini ya alama, vingi kwa unene wa kalamu ya risasi hivi. Na vile vilivyokuwa katika ukingo wa majani havikubadilika. Mzee alivikagua kimoja kimoja, akavishika kwa mkono wake. Kisha akasema, "Jiwe halikukua. Sisi ndio tuliokuwa tukipungua."

JINSI YA KUUZUIA

Njia za kuuzuia mmomonyoko si nyingi wala si za siri. Ya kwanza ni kuufunika udongo: kutandaza mabua na majani badala ya kuyachoma, na kupanda kunde au maboga yatambaayo kati ya mahindi. Ya pili ni kulima kwa kuukingama mlima, wala si kwa kufuata mteremko, ili kila tuta liwe boma dogo la kuyazuia maji. Ya tatu ni kupanda mistari ya majani yenye mizizi mingi, kama mabingobingo, yaliyo pia chakula cha ng'ombe.

Lakini mtu atajuaje mahali palipo sawasawa katika mlima uliopindapinda? Macho hudanganya. Hapa wanafunzi waweza kutengeneza chombo kisichonunuliwa. Funga miti miwili iliyo sawa, kila mmoja urefu wa mita 2, katika ncha za juu. Ipanue miguu, ukafunge mti wa tatu kuikatisha katikati. Toka juu ning'iniza uzi wenye jiwe, kama timazi ya fundi mwashi. Simamisha miguu mahali popote, utie alama pale uzi unapogusa mti wa katikati. Kisha igeuze, mguu wa kulia ukanyage pale pale ulipokuwa wa kushoto, na wa kushoto pale ulipokuwa wa kulia, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembea nacho mlimani. Kila mara uzi unaposimama katikati, miguu miwili iko kimo kimoja. Piga kigingi, songa mbele. Safu ya vigingi ndiyo itakayokuonyesha mahali pa kulima tuta.

Wala tusidhani kwamba hekima hii ililetwa na vitabu peke yake. Katika milima ya Umatengo, wilaya ya Mbinga, kusini mwa Tanzania, wakulima walikuwa na njia yao ya ngoro kabla shule hazijafika huko. Hukata majani, huyalaza katika mistari inayokatana kama miraba, kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani hayo. Hivyo mlima mzima huwa mashimo na matuta. Maji ya mvua hukaa katika mashimo yasipate kukimbia, na majani yaliyofunikwa huoza yakawa mbolea. Juu ya matuta hupanda maharage, kisha mahindi. Mwanafunzi wa sayansi akiitazama ngoro, atazikuta ndani yake kanuni zote mbili za makasha yetu: kuyapunguza mbio maji, na kuirudisha mboji. Mzee wa Kimatengo hakuziandika; alizilima.

ELIMU NA AMRI

Yafaa tueleze pia jambo lililotokea pale watu walipotakiwa kutenda bila kuelezwa sababu, au sababu ilipotolewa bila kuipima nchi yenyewe.

Katika Ukambani, Kenya, miaka ya 1930, mmomonyoko ulikuwa mbaya sana. Serikali ya kikoloni iliona ng'ombe ndio chanzo, ikaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza. Mwaka 1938 Wakamba wengi, wake kwa waume, waliandamana mpaka Nairobi kumtaka Gavana awasikilize, wakakaa huko majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu. Lakini amri ile ya kuwachukua ng'ombe haikuendelea.

Katika milima ya Uluguru, Tanganyika, watu walilazimishwa miaka ya 1950 kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi tabaka la juu ni jembamba, hata kuchimba kulifukia udongo mzuri na kuufunua ule wa chini usiozaa. Wakulima waliliona jambo hilo katika mahindi yao, wakasema, lakini hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zilitokea Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ule ukaachwa.

Sasa tutazame jambo la tatu. Katika nchi ile ile ya Machakos, watu walikuwa kama 240,000 mwaka 1932, na karibu 1,400,000 mwaka 1989. Mtu angedhani ardhi ingeangamia kabisa. Haikuwa hivyo. Wakulima wenyewe, wengi wakisaidiana katika vikundi vyao vya mwethya, walichimba matuta ya namna iitwayo Fanya Juu: huchimba mfereji wa kukingama mlima, na udongo huutupa upande wa juu, hata baada ya miaka shamba hujitengeneza ngazi lenyewe. Walifanya hivyo kwa sababu waliona mavuno yakizidi, na kahawa na mboga zilikuwa na soko. Wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, waliandika habari hizo katika kitabu mwaka 1994, wakaonyesha kwamba watu walizidi na mmomonyoko ukapungua.

Twajifunza nini? Ya kwamba sayansi isiyopimwa mahali penyewe yaweza kukosea ingawa imeandikwa vizuri. Na ya kwamba mtu aliyeelewa sababu na kuiona faida hahitaji askari wa kumsimamia. Mtoto anayeamriwa kukariri ni sawa na mkulima anayeamriwa kuchimba: mwenye amri akiondoka, kazi nayo huachwa.

SHAURI KWA WANAFUNZI NA KWA WAZAZI

Ninyi wanafunzi, kila mmoja na awe na daftari la nchi yake. Andikeni humo siku ya mvua ya kwanza, kimo cha maji katika kopo lililowekwa wazi mahali pasipo mti, rangi ya mto, urefu wa korongo lililo karibu, na maneno ya wazee kama walivyoyasema. Msiandike mliyotarajia kuona, andikeni mliyoyaona. Jibu likiwa kinyume cha kitabu, msilifute, bali mpimeni tena na kumwuliza mwalimu. Nanyi mkipata kujua jambo ambalo wazazi hawakulijua, msilipeleke nyumbani kama fimbo. Lipelekeni kama swali, kwa heshima, pamoja na kigingi au chupa ya kuonyesha.

Nanyi wazazi, msimzuie mtoto anayetaka kupiga vigingi kumi katika kona ya shamba, wala msimcheke anayeteka maji machafu ya mto. Mpeni hatua chache za ardhi ajaribu. Mwambieni mnayoyajua: mahali palipokuwa na chemchemi zamani, mti ulioanguka, mpaka wa msitu ulipokuwa. Habari hizo hazimo katika kitabu chochote cha shule, na bila hizo sayansi ya mtoto wenu itakuwa nusu.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mali yetu ya kwanza ni udongo, nao umekuwa ukipotea kwa muda mrefu pasipo daftari. Watoto wetu wamekwisha kujua kuandika. Basi tuwaachie wauandikie hesabu yake, kisha tuisome pamoja nao.

Kwa leo twakomea hapa. Kwaherini.